Je, Kila Chekundu Huongeza Damu?

Leo kitabu cha Baiolojia tutakifungua baadaye kidogo, kwanza twende mtaani.

Pita Kariakoo asubuhi, kuanzia Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi, halafu sema tu kwamba una kizunguzungu. Hutafika mbali kabla ya kupata madaktari watatu. Wa kwanza atakwambia damu imepungua, kunywa rozela. Wa pili atasema bitiruti. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni rika lako, atakupa ile ya kijiweni: soda nyekundu changanya na maziwa, asubuhi na jioni. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Si unaona rangi yake?"

Mimi siwacheki. Fikra hiyo ina mantiki yake, na wanaoisema wanakutakia mema. Ila msichana wa Kidato cha Pili aliyepungukiwa damu anaweza kunywa soda hiyo mwezi mzima akijua anajitibu, kumbe anazidi kudhoofika. Na wenye tatizo hili si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Dada msomaji, umri wako huenda umo humo.

Sasa fungua kitabu. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, ambayo ndani yake mna madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni ikapelekwa mwili mzima, ndiyo maana kikipungua unachoka, unahema ukipanda ngazi, na somo la saa nane unalisikia kwa mbali. Wekundu wa bitiruti ni kitu kingine kabisa. Wa nyanya nao ni kingine. Wa soda ndio usiseme, ni rangi ya kiwandani na sukari. Tena seli nyekundu hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kuishi siku 120 hivi, kwa hiyo hakuna kinywaji cha leo jioni kitakachokujaza damu kesho asubuhi. Hata vidonge vya chuma huchukua wiki kadhaa. Maziwa je? Ni chakula kizuri, lakini chuma chake ni kidogo mno.

Basi chuma kiko wapi? Kijiwe kikisema maini, hapo kimepatia. Maini, nyama na samaki vina chuma ambacho mwili unakichukua kwa urahisi. Maharage, choroko, kunde na mboga za majani vinacho pia, ila cha kwao ni kigumu kuchukuliwa, kinahitaji msaada. Msaada wenyewe ni vitamini C: ndimu, chungwa, embe, pera, hata kachumbari ya nyanya mbichi. Kamua ndimu juu ya maharage na mwili utachukua chuma zaidi kutoka sahani ile ile.

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kaa kwa mama ntilie yeyote uone: chapati, maharage, na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Maharage yanaleta chuma, chai inakizuia. Ndani ya majani ya chai mna kitu kiitwacho tanini, ambacho kinakishika chuma tumboni, na sehemu kubwa inatoka nje bila kuingia kwenye damu. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Sikwambii uache chai, nani ataacha chai Dar es Salaam? Inywe saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye chapati-maharage shushia chungwa.

Matembele tusiyasahau. Wapo wanaochemsha majani, wakanywa maji na majani wakatupa. Maji hayo hubeba asidi ya foliki, ambayo nayo inahitajika kutengeneza damu, kwa hiyo si kazi bure. Lakini chuma kingi kinabaki kwenye majani yanayotupwa! Kula majani, na mchuzi wake unywe.

Halafu kuna udongo wa kula. Hamu ya udongo mara nyingine ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma cha chakula. Ukiona unautamani kila siku, kapime damu.

Nasema kapime kwa sababu chakula peke yake hakielezi kila kitu. Malaria huvunja seli nyekundu. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu peku, ikaenda kung'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Kichocho nacho hupoteza damu. Wengine wana sikoseli, na hao wasimeze vidonge vya chuma bila kuambiwa na daktari. Kwa wasichana kuna hedhi. Ikizidi siku saba, au pedi ikilowa ndani ya saa moja au mbili, mweleze mhudumu. Kwake hilo ni swali la kila siku, wala halimshtui.

Kipimo ni tone la damu la kidoleni, kwenye kituo cha afya chochote chenye maabara. Ukiandikiwa vidonge vya chuma, usivimeze na chai wala maziwa, na viweke mbali na wadogo zako maana vidonge vingi kwa pamoja vinaweza kumuua mtoto. Choo kikiwa cheusi unapovitumia usiogope, hicho ni chuma ambacho mwili haukukitumia.