Mtakatifu Tereza aliyeacha sala, kisha akairudia

Mtu akianza kusali kila siku, moyo wake huwaka kama moto wa majani makavu. Huamka kabla ya jogoo, hufanya ishara ya msalaba, husali sala zote alizofundishwa. Kisha yaja mavuno, yaja homa, waja msiba au ugomvi wa nyumbani. Akosa siku moja, akosa juma zima. Hapo huona haya, asema moyoni: «Mimi si mtu wa sala. Nitarudije mbele ya Mungu na aibu hii?» Maneno hayo yafanana na unyenyekevu, kumbe ni mtego. Sikilizeni jinsi mtego huo ulivyomnasa hata Mtakatifu Tereza.

Tereza alizaliwa mwaka 1515 mjini Avila, katika nchi ya Hispania. Mwaka 1535 aliingia katika nyumba ya masista Wakarmeli, akajizoeza sala ya moyoni, yaani kukaa kimya na kusema na Bwana Yezu kama mtu asemavyo na rafiki yake. Akashikwa na ugonjwa mkali. Mwezi wa Agosti 1539 alilala siku nne bila fahamu, hata kaburi lake likachimbwa. Akazinduka, lakini viungo vilikuwa vimepooza, naye akakaa karibu miaka mitatu katika hali hiyo. Alipoanza kutambaa kwa mikono na magoti, alimshukuru Mungu.

Mtu angedhani kwamba ugonjwa ndio uliomtoa katika sala. Sivyo. Katika ugonjwa alisali. Alipokwisha kupona ndipo alipoanguka. Wageni walifika kuzungumza na masista, na Tereza alikuwa mchangamfu, mwenye maneno matamu. Mazungumzo yakamvuta, moyo ukatawanyika, akaona haya kumkaribia Mungu. Sala za pamoja na wenzake aliendelea nazo. Ile ya moyoni aliiacha zaidi ya mwaka mmoja, akidhani kwamba huo ni unyenyekevu.

Tena yeye ndiye aliyemfundisha baba yake sala hiyo. Mzee alipokuja kumtazama na kutaja habari za sala, Tereza alimwambia kwamba hasali tena hivyo, akasingizia udhaifu wa mwili. Mzee akasadiki, akamhurumia. Mwanafunzi alikuwa ameendelea mbele, na mwalimu amekaa njiani.

Baba huyo alikufa mwishoni mwa mwaka 1543. Padri Mdominikani aliyekuwa akimwungamisha mzee ndiye aliyemshauri binti airudie sala. Akairudia, wala hakuiacha tena hata kufa.

Je, ilikuwa tamu? Kwa miaka mingi ilikuwa kavu kama kijito wakati wa kiangazi. Tereza aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba mara nyingi alitega sikio kusikia saa ikilia, akitamani muda wa sala uishe. Akiingia mahali pa kusali alishikwa na huzuni, ikambidi kujikaza kwa nguvu zote. Lakini akisha kujilazimisha, mara nyingine alipata utulivu kuliko siku zile alizokuwa na hamu. Angalieni vema: hakungoja hamu. Saa ikifika, alikwenda.

Basi mkatekumeni aliyekosa sala juma zima asijaribu kulipa deni lote usiku mmoja, akasali rozari tatu na kusinzia katika ya nne. Leo jioni afanye ishara ya msalaba, aombe msamaha, aseme Baba Yetu moja polepole, akalale. Kesho arudi saa ile ile.

Mwaka 1554, mbele ya sanamu ya Yezu mwenye majeraha, moyo wa Tereza uligeuka kabisa. Mwaka 1562 alianzisha nyumba mpya ya masista. Alifariki mwaka 1582, na mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Sikukuu yake ni tarehe 15 Oktoba.

Maswali: Tereza aliacha sala ya moyoni wakati gani, alipougua au alipopona? Alimwambia baba yake sababu gani? Je, ilikuwa sababu ya kweli?