Taa Ikiwaka Kabla ya Kupaa

Wengi wenu mnaijua ile hali, na kama hujawahi kupanda ndege, umesimuliwa. Abiria wameketi pale JKIA, mikanda imefungwa, simu zimezimwa, halafu sauti ya kapteni inasikika: kuna hitilafu ndogo, mafundi wanaikagua, tafadhali tuvumilie. Watu wanaanza kuguna. Mmoja ana mkutano Kisumu, mwingine anawahi mazishi. Wiki hii tujifunze kinachoendelea kule mbele wakati huku nyuma watu wanaguna, kwa sababu kuna hekima pale ya nyumba zetu na biashara zetu.

1. SI KILA HITILAFU INAZUIA SAFARI

Watu hudhani ndege hairuki mpaka kila kitu kiwe kizima. Si hivyo. Mashirika ya ndege yana kitabu kinachoitwa MEL. Ni orodha ya vifaa ambavyo vinaweza kuwa vimeharibika na ndege bado ikaruka salama, pamoja na masharti ya kila kimoja. Orodha hiyo lazima ikubaliwe na mamlaka ya usafiri wa anga. Kwetu Kenya ni KCAA.

Rubani akikuta kitu hakifanyi kazi, habahatishi. Anaandika kwenye daftari la ndege, fundi anaitwa, orodha inafunguliwa. Kama kifaa kimo na masharti yanatimia, kinabandikwa kibandiko kwamba hakitumiki, na safari inaendelea. Kama kinahusu usalama wa ndege na hakimo kwenye orodha, ndege inabaki chini mpaka kitengenezwe.

Sasa sikiliza hapa, mfanyabiashara. Ruhusa hiyo ina tarehe. Katika mfumo unaotumiwa na mashirika mengi, kuna kasoro za kutengenezwa ndani ya siku 3, nyingine siku 10, na zile nyepesi kabisa siku 120. Hilo ni deni lenye siku ya kulipwa. Shida yetu ni kwamba sisi tunaahirisha bila tarehe. Breki za pikipiki, "nitaangalia." Ugomvi na mke, "tutaongea." Hesabu za chama, "mwisho wa mwezi." Mwezi gani?

2. KUSIMAMA MAPEMA NI BEI RAHISI

Hata orodha ikiruhusu, kapteni bado anaweza kusema: ndege hii siendi nayo. Na wakati mzuri wa kusema hivyo ni ndege ikiwa bado imeegeshwa, kwa sababu hapo hasara kubwa ni muda. Ikishaanza kukimbia kwenye njia ya kurukia, bei inapanda.

Kabla ya kila safari marubani huhesabu mwendo fulani unaoitwa V1, kulingana na uzito wa ndege, urefu wa njia na hali ya hewa. Kabla ya kufika V1 wanaweza kufunga breki na ndege ikasimama ndani ya njia. Wakishapita hapo, hata injini moja ikizima, wanaendelea kupaa na kushughulikia shida wakiwa hewani, maana njia iliyobaki haitoshi. Na mwendo ukiwa mkali kuelekea V1, hawasimami kwa kila taa inayowaka. Wanasimama kwa mambo mazito, kama moto au injini kufa. Mambo madogo yalikuwa na wakati wake, na wakati huo umepita.

3. KILICHOTOKEA MADRID

Tarehe 20 Agosti 2008, ndege ya shirika la Spanair, aina ya MD-82, safari namba 5022, ilikuwa inaondoka Madrid, Uhispania, kwenda Gran Canaria. Ilipokuwa tayari imefika kwenye njia ya kurukia, marubani waliona kipimo cha joto la hewa ya nje kinapanda kupita kiasi. Kipimo hicho kina hita ya kuzuia barafu, na hita hiyo hutakiwa kuwaka ndege ikiwa hewani tu. Hapa ilikuwa inawaka chini. Marubani wakafanya vizuri: wakarudi, wakaita mafundi.

Mafundi wakafungua MEL. Iliruhusu kuruka bila hita hiyo mradi hali ya barafu isitarajiwe njiani, na huo ulikuwa mwezi wa Agosti, jua kali. Wakaikatia umeme. Joto likashuka. Shida imekwisha, si ndiyo?

Hapana. Swali moja lilibaki bila jibu: kwa nini hita inawaka ndege ikiwa chini? Ndani ya ndege hiyo kuna rilei inayoiambia mifumo kama ndege iko chini au hewani. Rilei hiyo hiyo inahusika na kengele ya kuwaonya marubani wakijaribu kupaa kabla mabawa hayajawekwa tayari.

Na kuna jambo la pili. Ndege ikipaa huteremsha flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoisaidia kunyanyuka ikiwa bado na mwendo mdogo. Mara ya kwanza marubani walikuwa wameziteremsha. Mara ya pili, safari ikiwa imeshachelewa, walipokaribia kipengele cha flapu kwenye orodha ya ukaguzi, kapteni akakatiza, akamwambia rubani msaidizi aombe ruhusa ya kuondoka. Flapu hazikuteremshwa. Baadaye zikatajwa kwa mdomo kana kwamba ziko sawa. Kengele haikulia. Ndege ilinyanyuka kidogo tu, ikaanguka. Kati ya watu 172, walikufa 154. Walionusurika ni 18.

Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha kwa uhakika kwa nini kengele ilinyamaza. Lakini kuhusu flapu na orodha isiyofuatwa ipasavyo, walisema wazi.

4. TUONDOKE NA MAMBO MATATU

Kwanza, kunyamazisha dalili si kuondoa chanzo. Mtoto ameacha kulalamika, mteja ameacha kupiga simu, maumivu yametulia kwa dawa ya duka. Je, umeuliza ni kwa nini yalikuwepo?

Pili, ukikatizwa, rudi mwanzo. Hatari ya Madrid haikuwa hitilafu peke yake. Ile kurudi, kusubiri na kuharakisha kulivunja utaratibu. Uliyefanya jana si ushahidi wa leo. Na kutaja kitu si kukiangalia. Angalia kwa macho.

Tatu, usiwe wewe unayemsukuma dereva au rubani. Tunaomba Mungu atufikishe salama, halafu tunamgombeza mtu anayesema gari halijawa tayari. Hayo mawili hayaendi pamoja. Anayekuchelewesha kwa saa moja huenda ndiye anayekupenda zaidi siku hiyo.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ni taa gani inayowaka nyumbani au kazini kwako ambayo umeizima bila kuuliza chanzo?
2. Ni jambo gani umeliahirisha bila tarehe? Liandikie tarehe sasa hivi, mbele ya mwenzako.
3. Ni uamuzi gani ulio mbele yako, ndoa, mkopo au kazi mpya, ambao bado haujafika V1? Nani ana ruhusa ya kukuambia "simama" nawe ukamsikiliza?