DAWA YA KULALISHA NA BONGO YENYE KUUMIA

Hapa Likasi sisi wote tunajua barabara kubwa ya Lubumbashi na Kolwezi, na malori ya madini yenye kupita pale usiku na mchana. Pikipiki nazo ni nyingi, kofia ngumu za kichwa ni kidogo. Mutu akianguka na kupiga kichwa, wanamukimbiza ku lopitali. Kama anahitaji kupasuliwa, munganga anajiuliza: tutamulalisha na dawa gani? Juu ya swali hilo wachunguzi wamebishana zaidi ya miaka 30.

Tuanze na kichwa chenyewe. Fuvu la mutu mzima ni sanduku la mfupa, halitanuki. Ndani mna vitu vitatu: bongo, damu, na maji yenye kuzunguka bongo. Kimoja kikiongezeka, kingine sharti kipungue. Alexander Monro wa Edinburgh alianza kueleza jambo hili mwaka 1783, na mwanafunzi wake George Kellie akaliendelesha. Bongo ikivimba ao damu ikivuja, yale maji yanasukumwa kwanza kushuka mu uti wa mgongo. Nafasi ikiisha, mkandamizo unapanda, na damu mpya inashindwa kuingia. Na bongo ina njaa kubwa: uzito wake ni kama 2 tu kwa 100 ya mwili, lakini inakula karibu 20 kwa 100 ya oksijeni yote.

Pigo la kwanza, lile la barabarani, hakuna munganga wa kulirudisha nyuma. Kazi yake ni kuzuia pigo la pili, ndiyo kusema kukosa hewa na kushuka kwa nguvu ya damu. Mwaka 1993 Randall Chesnut na wenzake wa Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 717 wenye kuumia sana kichwa. Wale ambao nguvu ya damu yao ilishuka walikufa kwa wingi kupita wengine. Na dawa nyingi za kulalisha zinashusha nguvu ya damu!

Sasa tufike kwa ketamini. Calvin Stevens aliitengeneza mwaka 1962 kwa ajili ya kampuni Parke-Davis, na mwaka 1964 Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa watu. (Watu hao walikuwa wafungwa wa gereza la Michigan, leo jambo hilo lingeleta maswali mengi.) Mgonjwa akiipata, macho yanaweza kubaki wazi, lakini hasikii maumivu. Kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na nguvu ya damu haishuki. Haidai mashine kubwa. Ndiyo sababu lopitali ndogo zinaipenda.

Kumbe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waganga walipima wagonjwa wachache wakaona mkandamizo wa kichwa unapanda. Sheria ikaandikwa mu vitabu: mwenye kuumia kichwa asipewe ketamini. Wanafunzi wakaishika, wakawa walimu, wakaifundisha tena.

Mwaka 2005 Sabine Himmelseher na Marcel Durieux walisoma upya zile kazi za zamani. Walipimwa nani? Wengi walikuwa na uvimbe ao maji yaliyozibwa kichwani, hawakuanguka barabarani. Tena wengi walikuwa wanapumua wenyewe, bila mashine. Hapo ndipo penye siri. Mutu mwenye kulalishwa akipumua kidogo, gesi ya kaboni inabaki mu damu. Gesi ile inapanua mishipa ya bongo. Damu inaingia nyingi, na sanduku ni lile lile. Mwaka 2009, kule Haifa, Gad Bar-Joseph na wenzake walipima watoto 30 waliokuwa wanapumua kwa mashine. Walipopewa ketamini, mkandamizo ulishuka.

Lakini tusifurahi mbio mbio. Watoto wale walikuwa na mashine. Mahali ambapo umeme unakatika katikati ya kazi na mashine hakuna, mgonjwa wetu anafanana zaidi na wale wa 1970 kuliko wale wa Haifa. Kwa maoni yetu, muuguzi mwenye kukaa karibu na kichwa cha mgonjwa, kuhesabu pumzi, na kushika mfuko wa kupulizia hewa mkononi, anaokoa bongo kupita jina la dawa. Vipimo vya namna hiyo, mu lopitali za namna hiyo, ndivyo tungependa kuona mmoja wetu anavifanya siku moja.

Kwa wale wa mwaka wa tano, Biolojia-Kemia: elezeni juu ya nini mutu mwenye kushikilia pumzi anaongeza damu mu bongo, na muchore lile sanduku pamoja na vitu vyake vitatu, kabla ya kuvimba na nyuma yake.