Tangazo Linaloeleweka: Somo kwa Watoa Tiba ya Mazungumzo Wanaojitegemea

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Aliyetoka Bagamoyo alifika Unyanyembe, akapumzika, kisha akachagua: magharibi kwenda Ujiji, au kaskazini kwenda Karagwe. Mgonjwa wa leo anayesoma ukurasa wa mnasihi au mwanasaikolojia katika simu yake naye yumo njia panda. Maneno anayoyakuta humwingiza katika tiba au humrudisha nyumbani na maradhi yake.

Anza na dalili, si jina la ugonjwa

Tuchukue tangazo la kubuni: "Tunatoa tiba ya utambuzi na tabia kwa wenye sonona." Kitaalamu, sentensi hiyo haina kosa. Lakini mama aliyekosa usingizi kwa majuma matatu, asiye na hamu ya chakula wala ya mazungumzo, hajui kuwa huenda ana sonona. Yeye husema tu kwamba ana mawazo mengi. Atadhani tangazo linamhusu mtu mwingine. Afadhali kuandika: "Je, hupati usingizi? Mawazo hayakuachi hata ukiwa kazini? Huna tena hamu ya mambo uliyoyapenda? Njoo tuzungumze." Jina la ugonjwa lifuate baadaye, pamoja na ushauri wa kupimwa na daktari, kwani dalili hizo huweza pia kutokana na maradhi ya mwili.

Mambo matano yasiyopaswa kukosekana

1. Mtoa huduma: elimu yake na usajili wake.
2. Kitakachofanyika: mtaketi na kuzungumza faraghani, kikao kitachukua muda gani, na kwamba mara nyingi huhitajika vikao kadhaa.
3. Gharama: bei ya kikao, na kama bima hupokelewa.
4. Siri: katika mji ambamo watu hufahamiana, wengi huogopa hata kuonekana mlangoni. Eleza jinsi faragha inavyolindwa, na ni lini siri haiwezi kutunzwa, kwa mfano maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo usichapishe kisa cha mgonjwa ili kujisifu.
5. Dharura: mwenye kufikiria kujiua asisubiri miadi. Aende mara moja, pamoja na mtu anayemwamini, katika hospitali iliyo karibu; kwa mjini Tabora, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete.

Usiahidi kuponya kabisa. Ahadi hiyo isipotimia, mgonjwa hujilaumu mwenyewe na kuacha tiba.

Kwa mgonjwa

Mambo hayo matano ni haki yako kuyauliza kwa simu kabla ya kulipa. Mtaalamu mwema hachukizwi na maswali.

Zoezi

Mpe tangazo lako mtu asiye mhudumu wa afya alisome mara moja, kisha ulifiche. Mwulize: Linamhusu nani? Nitafanyiwa nini? Nitalipa kiasi gani? Akishindwa kujibu, usimweleze kwa mdomo, kwa maana hutakuwapo mgonjwa atakapolisoma peke yake usiku. Liandike upya.