Kusafisha Nyumba Kabla ya Masika

Mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi, katika sehemu nyingi za Kenya, ni wakati wa jua kali na vumbi. Shamba limekwisha kulimwa na sasa linangoja mvua, na kila mtu hutazama mawingu. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na zikisha kuanza, kazi ya kupanda na kupalilia haimpi mtu nafasi tena. Kwa hiyo majuma haya machache ya ukavu ndiyo yafaayo kwa kazi moja ambayo watu wengi huisahau, nayo ni kuisafisha nyumba yote, tangu paa mpaka choo.

Labda msomaji atasema, "Nyumba yangu hufagiwa kila siku asubuhi." Hiyo ni desturi njema. Lakini ufagio wa kila siku hupita katikati ya chumba tu. Haufiki nyuma ya sanduku, wala chini ya godoro, wala katika nyufa za ukuta. Na huko ndiko wakaako adui zetu. Basi na tuifuate kazi hii hatua kwa hatua.

1. Kuvitoa vyombo nje

Chagueni siku isiyo na mawingu, mkaanze mapema, ili vitu vyote vipate kukauka kabla jua halijatua. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba na ashughulikie paa, kuta na vitanda. Mama ashughulikie nguo na vyombo. Watoto wakubwa waokote takataka uani. Toeni kila kitu nje, hata kile mnachokidhani ni safi, kwa maana huwezi kukisafisha chumba kilichojaa vitu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mwandishi wa maneno haya hawezi kulisahau lililotokea kwao siku moja kama hiyo. Chupa iliyokuwa ya soda, yenye mafuta ya taa, ilitolewa chini ya kitanda ikawekwa uani pamoja na vyombo vingine. Mdogo wangu, mtoto wa miaka 3, akiona kiu kwa jua, aliinywa. Nyanya yetu, kwa upendo wake, alitaka kumtia kidole kooni ili atapike. Lakini jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi alimkataza, akaamuru mtoto achukuliwe hospitali mara moja. Alikohoa usiku na mchana kwa siku nyingi, na sisi hatukujua kama atapona. Alipona. Baadaye tulielezwa kwamba mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia katika mapafu, na mtu akitapishwa yaweza kuingia humo mara ya pili. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mafuta hayatiwi katika chupa ya kinywaji, nayo huwekwa juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Fanyeni vivyo hivyo kabla hamjatoa kitu cho chote nje.

2. Paa na kuta

Anzeni juu mkishuka chini, kwa kuwa vumbi huanguka. Mtu aliyefagia sakafu kwanza, kisha akapangusa dari, amejipa kazi mara mbili. Jifungeni kitambaa puani na kinywani, mkaondoe masizi na utando wa buibui kwa ufagio uliofungwa katika mti mrefu. Kisha tazameni kuta. Kila ufa ni nyumba ya kunguni au ya papasi, yule kupe aletaye homa ya vipindi. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Zibeni nyufa kwa udongo laini au kwa saruji, na ukuta ukikauka upakeni chokaa. Chokaa huunguza macho, basi watoto wasikae karibu.

Fungueni na madirisha yaliyozibwa kwa magunia. Wakati wa mvua na baridi watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani wakafunga mlango, wakalala. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo imewaua watu wengi usingizini. Nyumba yenye dirisha lifungukalo ni bora, lakini hata hivyo jiko lisiachwe likiwaka chumbani watu wakilala.

3. Vitanda na matandiko

Kunguni hukaa katika mishono ya godoro na katika viungo vya kitanda. Kuanika godoro juani kwa saa moja hakutoshi kuwaua wote. Kipeleke kitanda uani, ukimwagie maji yachemkayo katika kila kiungo na kila tundu. Nguo na mablanketi yawezayo kustahimili moto yafueni kwa maji ya moto sana. Godoro lipigwe kwa fimbo, ligeuzwe mara nyingi, na mishono yake isuguliwe kwa brashi. Kazi hii irudiwe baada ya siku kumi hivi, kwa sababu mayai yaliyosalia huwa yameangua.

Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa utaratibu, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kisha kikaushwe kivulini. Jua kali hupunguza nguvu ya dawa yake. Palipo tundu, shoneni siku hiyo hiyo.

4. Jikoni

Sufuria zisuguliwe kwa majivu na mchanga laini, zisuuzwe, zikaanikwe juani juu ya uchanja, si chini. Mtungi wa maji umwagwe wote, usuguliwe ndani mpaka utelezi utoke, kisha ufunikwe. Maji ya kunywa yachemshwe hasa wakati wa mvua, kwa maana mafuriko huchukua uchafu wa vyooni mpaka visimani. Yakisha kutokota sawasawa, dakika 1 yatosha. Lakini kwa wakaao mahali pa juu zaidi ya mita 2,000, kama Limuru au Nyahururu, ziwe dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kabla ya kupata moto mwingi.

Nafaka itiwe katika madebe yenye vifuniko. Panya hakai mahali asipopata chakula.

Mkitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, itumieni na maji matupu. Msiichanganye kamwe na siki, wala ndimu, wala dawa nyingine ya kusafishia choo. Zikikutana hutoa moshi wa sumu uumizao kifua na macho.

5. Sakafu

Sakafu ya udongo yenye vumbi ndiyo shamba la funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alifika Angola katika mwaka 1872 pamoja na meli, akaenea bara zima mpaka pwani yetu kabla ya miaka 30 kupita. Watoto wake hukua katika vumbi kavu. Kwa hiyo nyunyizeni maji kabla ya kufagia, kisha ikandikeni sakafu kwa udongo na samadi ya ng'ombe mpaka iwe ngumu na laini, mkairudie kila inapopasuka. Awezaye kununua saruji amepata dawa ya kudumu. Na mtu atolewaye funza asitolewe kwa pini iliyotumiwa na mwingine.

6. Uani na chooni

Katika mwaka 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona wadudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo yajulikana kwamba dimbwi karibu na mlango ni hatari kwa watu wa nyumba. Yai la mbu laweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku kumi hivi, na pengine pungufu ya hapo. Basi fukieni mashimo, mchimbe mifereji ya kupitisha maji, mtoboe au kufukia makopo na vifuu, na kila chombo kiachwacho nje kimwagwe mara moja kwa juma. Choo cha shimo kiwe na kifuniko, na karibu nacho pawe na maji na sabuni.

Jua likitua, virudisheni vyombo ndani, na kile msichokihitaji msikirudishe. Kazi ya siku moja haiwezi kulinda nyumba mwaka mzima. Lakini nyumba iliyoanza masika ikiwa safi, ni rahisi kuitunza kwa ufagio wa kila siku. Mvua ni baraka kwa shamba. Tukijitayarisha, itakuwa baraka na kwa wale walalao chini ya paa letu.