Kifuniko cha Tangi la Samaki: Anza na Pengo la Nyuma

Samaki wangu wa kwanza kufia nje ya maji nilimkuta asubuhi nyuma ya kabati, amekauka kama dagaa, sisimizi wamemzingira. Tangi lilikuwa na kifuniko, tena cha kioo, kizito. Ila kule nyuma, pale mpira wa hewa na bomba la chujio vinapopita, palibaki nafasi ya vidole viwili. Kioo kilikatwa kifupi kidogo, nami nikasema haidhuru.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kifuniko gani kinafaa, swali la kioo au plastiki huwa la pili. La kwanza ni hili: una samaki gani, na pengo lako kubwa kuliko yote lina upana gani?

Wapo samaki wanaoruka kwa asili yao. Huku pwani tuna jamii ya Nothobranchius, samaki wadogo wa madimbwi ya mvua. Yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, mwenye mkia mwekundu, ana urefu wa sentimita 5 hivi. Dimbwi likikauka wazazi hufa, na mayai hubaki kwenye tope yakingoja mvua ijayo. Ni mrukaji hodari, na kwa wembamba wake tundu la bomba linamtosha. Cyprichromis wa Ziwa Tanganyika huogelea kwa makundi, na dume akimkimbiza mwenzake, anayekimbizwa huweza kupaa juu ya maji. Mikunga wa ziwa hilohilo, jamii ya Mastacembelus, hawana haja ya kuruka. Usiku hujipenyeza taratibu kandokando ya bomba, wakapata upenyo, wakatoka. Kambare sina haja ya kumweleza. Aliyewahi kumfuga anajua kwamba kwake nyasi zenye umande ni njia.

Hata samaki mpole huruka akikosa raha: siku za kwanza katika tangi jipya, taa inapowashwa ghafla gizani, au maji yanapochafuka. Aliyetulia miezi kadhaa kisha akaanza kugonga kifuniko, pima amonia na jotoridi kabla hujaongeza uzito juu. Maji ya nyuzi 25 za Selsiasi hubeba oksijeni takriban miligramu 8.3 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Dar es Salaam mwezi wa Februari, tofauti hiyo si ndogo kwa samaki wa dhahabu waliobanana.

Joto hilo ndilo linalonifanya nisishauri kioo kwa kila mtu. Nairobi, Arusha au Mbeya, kioo kinasaidia: kinatunza joto na kupunguza maji yanayopotea kwa mvuke. Pwani, fremu yenye wavu huacha maji yapoe, ingawa itabidi uongeze maji mara kwa mara, na yawe yameondolewa klorini.

Ukichagua kioo, piga hesabu ya uzito. Kipande cha sentimita 100 kwa 40, unene wa milimita 5, kina kilo 5, na mtoto anayelisha samaki hapaswi kukinyanyua. Mwambie fundi wa vioo akate vipande viwili, asage makali yote, na pembe za nyuma azikate kufuata mabomba yako. Nenda na vipimo vilivyoandikwa, vya ndani ya ukingo, ukipunguza milimita 2 au 3 ili kisikwame. Kioo kikae ndani ya ukingo juu ya vishikio, kisilale juu ya ukingo wenyewe. Hapo matone ya mvuke yatarudi tangini badala ya kuchuruzika ukutani. Kwa mpini, gundisha kizibo cha chupa kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, na usikiweke tangini mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Akriliki ni nyepesi, lakini hunywa unyevu upande wa chini na kujikunja, na kila pembe inayoinuka ni mlango. Polikaboneti yenye matundu katikati, ile ya kuezekea baraza, hukaa sawa zaidi na hukatwa kwa kisu kikali. Mbao huvimba.

Kwenye wavu ndiko watu wanakoua samaki bila kujua. Chandarua cha zamani kinaonekana kifaa cha bure kilichokamilika. Usikitumie! Vyandarua vingi vinavyogawiwa kujikinga na malaria vina dawa ya jamii ya pirethroidi, na kiasi kidogo sana cha dawa hiyo majini huua samaki. Kukifua hakukifanyi kiwe salama. Dawa hiyo imetengenezwa istahimili kufuliwa. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kupuliza dawa ya mbu ndani ya nyumba, kifuniko peke yake hakitoshi. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Izime, funika tangi kwa nailoni, toa dawa yote kwa kufungua madirisha, kisha iwashe tena mapema uwezavyo.

Waya wa mabati pia uache. Mvuke huulowesha, na zinki inayodondoka nao ni sumu kwa samaki. Nunua wavu wa plastiki au wa faiba ambao haujatiwa dawa, wenye matundu madogo kuliko kichwa cha samaki wako mdogo kabisa, na uukaze kwenye fremu. Ukilegea, samaki atausukuma.

Beta na gurami huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo waachie sentimita chache kati ya maji na kifuniko. Nafasi hiyo pia humpa mrukaji mwendo mrefu kabla ya kufika juu.

Kifuniko kikishawekwa, pitisha kidole chako cha mwisho ukingoni kote. Kinapoingia, ziba kwa sifongo safi isiyo na sabuni. Nyaya za umeme zishuke chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni.

Na ukimkuta mmoja yuko chini, usimhesabu amekufa kwa kuwa hasogei. Lowesha mikono, mrudishe kwenye maji ya tangi lake ndani ya ndoo yenye mpira wa hewa unaotoa viputo, kisha funika ndoo. Matamvua yakiwa bado na unyevu, wapo wanaozinduka.