Somo la Afya: Msichana Aliyeondolewa Ovari kwa Saratani



Katika Biolojia tumekwisha kujifunza viungo vya uzazi. Leo nataka kwenda mbele kidogo, nieleze jambo lisilomo katika kitabu cha darasani: msichana akiugua saratani ya ovari angali kijana, na matibabu yakamwondolea uwezo wa kuzaa, afanyeje? Na watu wake wafanyeje? Nalijua jambo hili kwa kusoma na kwa kupatwa. Maradhi hayo yalinipata nilipokuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hapa Tunduma, wakati mji wetu ungali katika mkoa wa Mbeya, kabla ya mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016.

Kazi za ovari

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Kila moja ina urefu wa sentimita 3 hivi. Kazi ya kwanza ya ovari ni kutunza mayai na kuyakomaza. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2. Afikapo kubalehe huwa yamebaki kama 300,000 au 400,000, na katika maisha yake yote hukomaa kama 400 au 500 tu. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni, ambazo huendesha hedhi, hukuza matiti na kuimarisha mifupa. Basi ovari zote mbili zikitolewa, mwanamke hukosa mayai na hukosa homoni pia. Watu wengi hukumbuka hasara ile ya kwanza, wakasahau hii ya pili.

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya ovari huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50. Lakini iko aina inayoanzia katika chembe za mayai, nayo huwapata hasa wasichana na wanawake vijana. Dalili zake ni tumbo kuvimba, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, kushiba upesi, au kukojoa mara kwa mara. Tena uvimbe wa namna hii mara nyingine hutoa homoni ile ile ya mimba, hata kipimo cha mkojo kikaonyesha mimba isiyokuwapo.

Tumbo langu lilipovimba, watu walinong'ona kwamba nina mimba. Siku zile mwanafunzi mwenye mimba alifukuzwa shule. Ni mwaka 2021 serikali ilipotoa waraka wa kumruhusu arudi masomoni baada ya kujifungua. Kumbe ugonjwa ulionisingizia mimba ndio ulioniondolea uwezo wa kuipata.

Lakini mtu asikate tamaa. Tangu dawa ya sisplatini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1970, wagonjwa wengi wa aina hii hupona. Mara nyingi ugonjwa huwa upande mmoja tu, hivyo daktari huweza kuondoa ovari moja na kuacha ya pili. Ovari moja yatosha kwa hedhi na kwa kuzaa. Kwangu mimi ugonjwa ulikuwa umeingia pande zote mbili.

Ubaya wa kuficha

Nilipotoka hospitali niliambiwa, "Uvimbe umetolewa, umepona." Sikuambiwa zaidi. Mama alijua, na shangazi alijua, wakanyamaza kwa kunihurumia. Hedhi ilikoma. Usiku nilishikwa na joto la ghafla na jasho, nikapewa dawa za malaria. Nilipokuwa na miaka 21, katika chuo cha ualimu, daktari mwingine alisoma karatasi zangu akanieleza yote. Akasema pia kuwa mifupa yangu imeanza kudhoofika, kwa sababu kwa miaka mitano mwili ulikosa homoni ambazo ningeweza kupewa kwa vidonge.

Hapa ndipo penye shina la somo letu. Kuficha hakukuniondolea huzuni. Kuliichelewesha tu, na kukaniongezea ugonjwa wa mifupa. Niliwalilia watoto ambao hawakupata kuwako. Aliyefiwa hukaliwa matanga, akapewa pole. Mimi nilikuwa na msiba usio na matanga.

Mambo yafaayo kufanywa

1. Kabla ya matibabu, mgonjwa na wazazi waulize: je, uzazi utaguswa? Ni kitu gani chaweza kuachwa? Iko pia njia ya kugandisha mayai kabla ya matibabu, ingawa ni ghali. Mji wa mimba ukiachwa, mwanamke asiye na ovari aweza kubeba mimba kwa yai la mwanamke mwingine lililorutubishwa nje ya mwili. Mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa kurutubisha yai nje ya mwili ni Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Kutoka Tunduma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Msafiri wa mbali namna hii asirudi nyumbani kabla ya kupata maelezo kamili.

2. Baada ya matibabu, mgonjwa amwulize daktari habari za homoni. Ale dagaa, anywe maziwa, atembee na kufanya kazi, ili mifupa ipate nguvu.

3. Aachwe alie. Asiambiwe, "Shukuru Mungu upo hai," kana kwamba mwenye shukrani hana machozi.

4. Mchumba aelezwe mapema. Niliyemweleza mimi aliondoka. Iliniuma, lakini afadhali aliondoka kabla ya mahari.

5. Ajue kuwa malezi yana milango mingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kuasili mtoto kwa amri ya mahakama, na pia malezi ya kambo. Anayetaka na aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake.

Mitaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi huitwa Mwalimu, na watoto wa dada yangu huniita mama mdogo. Majina haya hayafuti huzuni yote, lakini yana kazi ya kweli ndani yake: sare za kununua, daftari za kusahihisha, mtoto wa kukesha naye akiwa na homa. Neno "tasa" laeleza hali ya viungo vya mwili; haifai kumwita mtu kwa neno hilo.

Wazazi, mwambieni binti yenu ukweli, kwa upole, nanyi mkae naye baada ya kumwambia.

Maswali

1. Taja kazi mbili za ovari.
2. Kwa nini kipimo cha mimba kinaweza kumdanganya mgonjwa wa saratani ya ovari?
3. Mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili aitunzeje mifupa yake?
4. Rafiki yako amepatwa na msiba huu. Andika barua fupi ya kumpa pole.